Sindano Iliyonihamisha Chumbani

Kwako dada mshauri,

Nina miaka 61. Nimeishi na mke wangu miaka 34, tuna watoto wanne na wajukuu wawili. Nakuandikia usiku huu nikiwa kwenye chumba walicholala wanangu wa kiume walipokuwa wadogo, kwa sababu huu ni mwezi wa tano silali na mama yao.

Mwaka jana niliambiwa nina saratani ya tezi dume. Ilianza kwa kuamka usiku kukojoa, mara mbili, mara nne, na mkojo wenyewe unatoka kwa kusitasita. Nikapimwa damu, kile kipimo cha tezi dume kiitwacho PSA, ikasoma 38. Wakachukua vinyama, majibu yakaja Gleason 8, yaani alama ya ukali wa saratani. Nikapigwa picha za mifupa na za tumbo, wakasema bado haijasambaa. Daktari akanipa moyo kwamba inatibika: sindano ya homoni kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili, na katikati yake mionzi mara 20. Nikatia sahihi. Naamini siku ile alinieleza na madhara, lakini baada ya kusikia neno saratani masikio yangu yalifunga.

Mionzi nilimaliza miezi kumi iliyopita. Mke wangu alinisindikiza siku zote 20. Walitaka niingie kibofu kikiwa kimejaa, kwa hiyo yeye alikaa kwenye benchi na chupa ya maji, ananihesabia dakika za kunywa na dakika za kusubiri. Siku ya mwisho alilia kwa furaha. Kwake yeye ugonjwa uliisha siku ile. Sindano zilizobaki nilimwambia ni za kinga tu. Labda hapo ndipo nilipoharibu.

Nimeshachomwa sindano tano. PSA sasa ni 0.1 na daktari anafurahi kila akitazama karatasi. Lakini mwili huu siujui tena. Joto linaanzia kifuani, linapanda shingoni mpaka masikioni, halafu jasho linamwagika, kisha nabaki natetemeka kwa baridi. Usiku linakuja mara tano au sita. Nilikuwa natandika taulo, na alfajiri nalikunja na kulificha chini ya godoro kabla mke wangu hajaamka. Mkojo ukinishika haunipi nafasi, nikitoka navaa pedi. Kifua kimejaa, chuchu zinauma hata shati likigusa. Mikono imekonda, tumbo limetoka. Na hamu ya mke wangu imekwisha. Ingekuwa nataka nikashindwa, ningeelewa. Sitaki kabisa, kana kwamba jambo lenyewe halijawahi kuwepo maishani mwangu. Mwezi uliopita mjukuu wangu alikuwa ananisomea kitabu chake cha shule, akafika mahali mbuzi amepotea porini. Nikalia, dada. Nililia mpaka mtoto akakimbia kumwita bibi yake.

Nilihama chumba kwa kisingizio cha kukohoa. Mke wangu alivumilia. Wiki iliyopita alikuja akaketi ukingoni mwa kitanda hiki, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mzee wangu, niambie tu. Ni nani?" Sikumjibu. Tangu siku hiyo ananitengea chakula na kuondoka.

Rafiki yangu mmoja, ambaye aliwahi kumuuguza kaka yake, amenishauri niruke sindano inayokuja baada ya wiki tatu. Anasema PSA imeshashuka, ya nini kuendelea kujihasi. Amenipa na kopo la unga wa kurudisha nguvu za kiume. Sijalifungua, liko kwenye droo.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Mara mbili mwezi huu nimeona damu kidogo kwenye karatasi baada ya haja kubwa.

Niache sindano? Na mke wangu nimwambie nini?

Babu wa Wawili

*

Kaka yangu Babu wa Wawili,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama kwenye lile taulo chini ya godoro. Kabla ya kuanza kujibu barua hapa nilikuwa muuguzi, na miaka mingi nilikaa kliniki ya saratani. Wanaume waliokuwa wakificha taulo, pedi na machozi niliwaona wengi. Wengi wao waliponyamaza sana nyumbani, wake zao walifikia jibu lilelile alilofikia mke wako. Mtu akinyimwa sababu hutafuta yake, na kwa mwanamke aliyehamwa chumba sababu inayokuja haraka ni hiyo.

Kwa hiyo nianze na lile la mwisho. Mwambie mke wako ukweli kabla ya sindano, kabla ya kopo, kabla ya daktari. Usisubiri siku nzuri. Lakini ili umweleze, wewe mwenyewe lazima ujue kinachoendelea mwilini mwako, na ninavyoiona barua yako, hakuna aliyekaa nawe akakueleza ukiwa na masikio ya kusikia.

Saratani ya tezi dume hula homoni ya kiume, testosteroni. Hilo lilionyeshwa mwaka 1941 na daktari Charles Huggins akiwa na mwenzake Clarence Hodges huko Chicago, na mwaka 1966 Huggins akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Enzi zao njia kuu ilikuwa kuondoa korodani kwa upasuaji. Sindano unayochomwa hufanya kazi ileile bila kisu: inakatiza amri inayotoka kwenye ubongo kwenda kwenye korodani, nazo zinaacha kutengeneza testosteroni. Daktari hutaka ishuke chini ya nanogramu 50 kwa desilita ya damu, na mwanamume mzima kwa kawaida ana mia kadhaa. Hebu fikiria ukubwa wa shimo hilo. Homoni hiyo ndiyo iliyokuwa inakupa hamu, ndiyo iliyokuwa inajenga misuli ya mikono, inalinda mifupa, inasaidia damu isipungue, na inaweka sawa ile sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili. Imeondolewa kwa makusudi, kwa sababu saratani nayo ilikuwa inakula kwenye sahani hiyohiyo.

Kwa hiyo unaposema humtaki mke wako kana kwamba jambo hilo halijawahi kuwepo, umeieleza dawa inavyofanya kazi kwa usahihi kuliko karatasi yoyote ya hospitali. Mapenzi yako kwake hayajaguswa. Mtu asiyempenda mkewe hawezi kuamka alfajiri kukunja taulo ili asimtie wasiwasi.

Sasa sindano. Rafiki yako anakutakia mema, ila hoja yake ina tundu. PSA ya 0.1 ni habari njema kweli, lakini imepimwa sindano ikiwa kazini. Sindano peke yake hushusha PSA, hata kwa mtu ambaye saratani yake bado iko hai imelala tu. Namba hiyo inathibitisha dawa inafanya kazi. Haisemi kwamba kazi imekwisha. Kwa saratani kama yako, Gleason 8 na PSA iliyopita 20, mionzi ikiambatana na miezi mingi ya sindano hutoa matokeo bora kuliko mionzi peke yake. Hilo limejulikana tangu tafiti za miaka ya 1990, na ndiyo sababu uliandikiwa miaka miwili.

Kuna hesabu nataka uifanye na kalenda mkononi. Muda unaotumika kwa watu wa kundi lako huwa kati ya miezi 18 na 36. Umechomwa tano, maana yake umefunika miezi 15. Ya sita, hii unayotaka kuiruka, itakufikisha mwezi wa 18. Ningekuwa wewe ningechoma hiyo ya sita bila kusita, kisha ningemkalisha daktari chini kuhusu ya saba na ya nane. Mwulize: "Kwa saratani yangu mimi, miezi sita ya mwisho inaniongezea nini, na mwili wangu unavyoteseka unabadilisha uamuzi wako?" Hilo ni swali halali na daktari mzuri haoni vibaya kuulizwa. Pengine atasema tuendelee mpaka 24 na atakupa sababu. Pengine atapima moyo wako, sukari na mifupa, aseme inatosha. Lililo baya ni kukosa kutokea kliniki na kumwachia yeye abahatishe.

Ujue pia kwamba kuruka sindano hakutakurudisha ulipokuwa. Testosteroni hurudi polepole sindano zikikoma, kwa miezi sita, kwa mwaka, kwa wengine zaidi, na wapo wanaume wenye umri mkubwa ambao haikurudi yote. Ungeruka hiyo moja, mwezi ujao ungekuwa na jasho lilelile na tiba iliyokatika katikati.

Hilo kopo kwenye droo liache lilivyofungwa, na ulibebe siku ya kliniki. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeona. Unga na vidonge vya kuongeza nguvu za kiume vinavyouzwa bila daktari, baadhi vimekutwa vimechanganywa kwa siri dawa za hospitali kama sildenafili (Viagra), bila kiasi kuandikwa. Mtu mwenye matatizo ya moyo anayetumia dawa za naitreti akinywa mchanganyiko huo, shinikizo la damu linaweza kuporomoka hadi kumuua. Na kama kweli unga huo unaongeza homoni ya kiume kama unavyojitangaza, basi kwako wewe ni kurudishia saratani chakula ulichoinyima kwa mwaka mzima na zaidi.

Damu. Hii usiiweke mpaka siku ya sindano, ipigie simu kliniki wiki hii. Mionzi ya tezi dume hupita karibu sana na ukuta wa mbele wa njia ya haja kubwa, na ukuta huo miezi kadhaa au hata miaka baadaye unaweza kuwa na mishipa midogo laini inayovuja damu. Mara nyingi ni kidogo, na inadhibitika. Lakini damu inaweza kutoka kwa sababu nyingine, bawasiri au hata uvimbe, kwa hiyo lazima mtu aangalie. Na hapa kuna jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi: yeyote atakayekupima njia hiyo kwa kamera, mwambie kabla hajaanza kwamba ulipigwa mionzi ya tezi dume. Ukuta uliopigwa mionzi haukatwi kinyama ovyo, maana kidonda chake kinaweza kugoma kupona na kutoboka. Usidhani amesoma faili lako lote. Liseme kwa mdomo wako.

Mkojo unaokushika ghafla nao ni wa mionzi kwa sehemu kubwa. Kibofu kimekasirika. Usikimbilie kuacha kunywa maji, wengi hufanya hivyo, kumbe mkojo mzito huzidi kukichoma. Punguza kahawa na chai kali, hasa kuanzia jioni. Kisha kuna mazoezi ya misuli ya nyonga. Ukae, ukaze ile misuli ambayo ungeikaza kuzuia upepo usitoke mbele za watu, uishike kwa sekunde tano, uiachie kabisa sekunde tano. Mara kumi, asubuhi, mchana na usiku. Usikaze tumbo wala makalio, wala usizuie pumzi. Mkojo ukikushika ghafla, badala ya kukimbia simama, kaza misuli hiyo mara kadhaa haraka haraka, wimbi lipite, ndipo utembee. Wanaotoka mbio ndio wanaolowa njiani. Yape mazoezi hayo wiki nyingi, miezi miwili mitatu, usipime kila siku. Ikiwa haijasogea, zipo dawa za kutuliza kibofu, mwombe daktari. Kama mkojo unauma au una damu, hilo nalo ni la kupiga simu.

Nirudi kwa joto la usiku, maana ndilo lililokutoa chumbani.

Kaka, mke wako ana umri gani? Hukuandika, lakini mkiwa mmeishi miaka 34 na mna wajukuu, nakisia amepita hamsini. Basi tambua: joto linaloanzia kifuani likapanda shingoni, jasho, kisha baridi, kuamka mara sita, machozi yasiyo na sababu, hamu kupotea, mwili kubadilika mbele ya kioo, mke wako anaweza kuwa ameshayapitia yote hayo hedhi ilipokoma. Kwake ilikuwa homoni ya kike iliyoondoka, kwako ya kiume, lakini njia mliyopita ni moja. Ndani ya nyumba hiyo yupo mtu mmoja anayeweza kujua usiku wako ulivyo, na ndiye pekee uliyemficha.

Niliwahi kumwona mzee mmoja kliniki, mrefu, mkali kidogo, aliyekuja na mkewe. Nilikuwa nampima shinikizo la damu, joto likamshika palepale. Alianza kugeuza uso ukutani. Mkewe hakusema neno. Alifungua mkoba, akatoa kipepeo cha mkono kilichochakaa pembeni, akampepea shingoni taratibu huku akiendelea kuniuliza mimi tarehe ya kurudi. Baadaye mzee aliniambia kipepeo kile mkewe alikinunua miaka kumi nyuma kwa ajili yake mwenyewe, na yeye mzee wakati ule alikuwa akilalamika kwamba kinampigia kelele usiku.

Mengine ya joto ni ya kawaida tu: shuka na nguo za pamba, tabaka mbili nyepesi badala ya blanketi moja zito, oga maji ya uvuguvugu kabla ya kulala, punguza pombe, pilipili na vinywaji vya moto usiku. Andika kwa wiki moja linakuja saa ngapi na ulikula nini, utaona kinacholichokoza. Likiwa bado mara sita kwa usiku baada ya hapo, usivumilie. Zipo dawa za hospitali za kulipunguza, mojawapo inaitwa medroksiprojesteroni, na daktari atachagua kulingana na afya yako. Wanaume wengi hawapewi kwa sababu tu hawakusema. Ukiulizwa "unaendeleaje" usijibu "vizuri tu daktari". Jibu: "Naamka mara sita nimelowa."

Machozi ya mbuzi aliyepotea nayo ni ya sindano. Mjukuu wako hakuona babu dhaifu, aliona babu aliyesikiliza hadithi yake, na siku moja mweleze kwamba dawa ya babu inaleta machozi karibu. Ila nichunguzie jambo moja: kama asubuhi nyingi unaamka hujioni na thamani, au umewaza kwamba bora usingekuwepo, mwambie daktari au mke wako siku hiyohiyo. Homoni ikishuka, sonona huweza kuingia kwa mlango huohuo, na ina matibabu.

Mwili uliokonda mikono na kutoa tumbo hauhitaji kupumzishwa, ingawa uchovu utakushawishi hivyo. Dawa yenye ushahidi mzuri kuliko zote dhidi ya uchovu wa sindano hii ni mazoezi. Tembea kwa haraka kiasi cha kupumua kwa nguvu huku bado unaweza kuongea, ukijumlisha ufike dakika 150 kwa wiki. Na siku mbili au tatu za wiki fanya ya kunyanyua: simama na kukaa kwenye kiti bila kushika mkono, mara kumi, pumzika, rudia. Sukuma ukuta, kisha ukizoea sukuma ukingo wa meza imara. Beba chupa za maji. Misuli haitarudi kama ya ujana testosteroni ikiwa chini, lakini itaacha kukimbia, na mifupa inahitaji uzito huo. Kwa mifupa, uliza kama umepimwa uzito wa mifupa, kama unapata kalisi na vitamini D ya kutosha, na kama unahitaji dawa ya kuikinga. Wakikuandikia dawa ya kukinga mifupa, onana kwanza na daktari wa meno, kwa sababu dawa hizo na jino la kung'olewa hazipatani. Sukari, mafuta ya damu na shinikizo la damu navyo vipimwe, sindano hii huvisukuma juu. Sigara kama unavuta, iache. Chuchu zinazouma zionyeshe, kuna la kufanya na huwa linafaa zaidi likifanywa mapema.

La kitandani sitalikwepa. Vidonge kama sildenafili husaidia damu kufika, haviwashi hamu, kwa hiyo wakati sindano ikiendelea vinaweza visikufae sana, na usivinywe bila daktari kujua dawa zako zote. Zipo pampu za kuvuta damu, zipo na sindano za uume, na wapo wanandoa wanaozitumia vizuri tu hata katika kipindi hiki, kwa kuuweka uume katika afya mpaka homoni irudi. Uliza. Lakini kabla ya hayo, mguse mke wako. Mshike mkono, mkande mgongo, lala ukimkumbatia hata kama hamna mpango wa kwenda mbali. Wanaume wengi huacha kugusa kabisa kwa kuogopa kwamba kila mguso ni ahadi watakayoshindwa kuitimiza. Mwambie wazi, "Leo nataka tu kulala karibu yako," na atajua. Na kama kuna hofu mmoja wenu anayo moyoni na hajaisema: saratani hii haiambukizi kwa tendo la ndoa, na mionzi ya mashine uliyopigwa haikai mwilini, huwezi kumdhuru yeye wala mtoto uliyempakata.

Hili la haraka ulikariri ingawa natumaini hutalihitaji. Maumivu mapya ya mgongo yasiyopoa, miguu kulegea, ganzi sehemu za siri, au mkojo kugoma kutoka: usisubiri kliniki, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Na wanao wa kiume waambie. Mtu ambaye baba yake amepata saratani ya tezi dume, hatari yake huwa kama mara mbili ya wengine. Wakifika miaka 40 hadi 45 wazungumze na daktari kuhusu kipimo cha PSA. Wewe uliligundua kwa kukojoa kwa kusitasita. Wao wanaweza kujua mapema kuliko hapo.

Askofu Desmond Tutu aligunduliwa saratani hii mwaka 1997. Alifariki Desemba 2021 akiwa na miaka 90, na katikati ya miaka hiyo alilazwa zaidi ya mara moja na akarudi kwenye kazi yake. Sikutajii kukuahidi miaka, kila saratani na mwenyewe. Nataka tu uone kwamba unaweza kuwa na miaka mingi ya kuishi na mwanamke aliyekuhesabia dakika za maji, na huwezi kuiishi yote kwenye chumba cha watoto.

Maneno ya kumwambia? Ulitaka, nakupa, yabadilishe yawe ya mdomo wako: "Uliniuliza ni nani. Hakuna mtu. Sindano ninazochomwa nilikudanganya, si za kinga. Zinazima homoni ya kiume ili saratani isiamke. Ndiyo maana sina hamu, nalowa jasho usiku, nalia. Nilihama kwa aibu. Nisamehe kwa kukuacha uwaze vile." Ukikwama katikati, mpe barua hii aisome mwenyewe. Kisha mwombe aje nawe kliniki ya sindano ya sita, akae kwenye kiti cha mbele, asibaki benchi. Masikio mawili zaidi yanasaidia siku ambayo yako yanafunga.

Wifi yangu, ukiwa ndiye unayesoma mstari huu: alikosea kukuficha, na una haki ya kukasirika kwanza. Ukimaliza, mwulize joto humpanda saa ngapi, umweleze lilivyokuwa likikupanda wewe.

Na wewe kaka, usiku wa leo rudi chumbani kwenu. Taulo libebe mkononi, mbele yake, ulitandike juu ya shuka taa ikiwa inawaka.